Karatasi za Abraham Lincoln hazikai mahali pamoja

Tarehe 25 Agosti 1864, mwanamke mtumwa aitwaye Annie Davis, wa Belair katika jimbo la Maryland, alimwandikia Rais Abraham Lincoln barua ya mistari michache. Alisema anatamani kuwa huru ili aende kuwaona watu wake upande wa mashariki wa jimbo. Bibi anayemmiliki hamruhusu. Basi rais amjulishe, tafadhali, kama wameshakuwa huru, na yeye afanye nini.

Lilikuwa swali zito. Tangazo la kuwaachia huru watumwa, ambalo Lincoln alilitia saini tarehe 1 Januari 1863, lilihusu tu maeneo ya Kusini yaliyokuwa yameasi na kupigana vita na serikali yake, yaani upande wa Muungano. Maryland haikuasi, kwa hiyo utumwa uliendelea kuwa halali humo hadi katiba mpya ya jimbo ilipoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1864. Siku Annie Davis aliposhika kalamu, jibu la kweli kwa swali lake lilikuwa: bado.

Ukienda kuitafuta barua hiyo katika mkusanyiko uitwao Nyaraka za Abraham Lincoln, ulioko Maktaba ya Bunge jijini Washington, huikuti. Imo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwenye mafaili ya kitengo cha jeshi kilichoshughulikia askari weusi. Aliyeandikiwa ni rais, lakini aliyeitunza ni karani wa jeshi.

Hapo ndipo penye fundo. Watu husema "nyaraka za Lincoln" kana kwamba rais yule aliacha kasha moja lenye kila alichoandika na kila alichoandikiwa, na kilichobaki ni kulifungua tu. Kasha hilo halijawahi kuwapo. Karatasi zilitoka mezani pake kwa njia nyingi, na kila njia ilibakiza zake na kupoteza zake. Naamini kwa dhati kwamba anayetaka kumwelewa Lincoln, au kiongozi yeyote wa Marekani wa karne ile, inampasa aulize kwanza karatasi hii ilitunzwa na nani, kabla hajauliza inasema nini.

Mali ya mtu au mali ya ofisi

Leo sheria ya Marekani iko wazi. Nyaraka za kazi za rais ni mali ya taifa. Jambo hilo liliamuliwa na sheria ya mwaka 1978, iliyoanza kutumika kwa marais walioingia madarakani kuanzia tarehe 20 Januari 1981, baada ya mvutano mkali juu ya kanda na karatasi za Richard Nixon. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kinyume chake. George Washington alipomaliza muda wake mwaka 1797 alichukua karatasi zake akaenda nazo nyumbani kwake Mount Vernon, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Rais akitoka, makabati yanatoka naye. Akifa, watoto wanarithi barua pamoja na shamba na saa ya mfukoni.

Kwenye wizara mambo yalikwenda tofauti. Wizara ya Vita, ya Fedha, ya Mambo ya Nje, kila moja ilikuwa na makarani wake, rejista zake, na utaratibu wa kukunja barua iliyoingia, kuandika mgongoni jina la aliyeileta, tarehe na kiini cha habari, kisha kuiweka mahali pake. Karatasi hizo zilikuwa za ofisi, waziri aje waziri aende. Ila hapakuwa na nyumba moja ya kuzikusanya. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliundwa mwaka 1934, karibu miaka 70 baada ya kifo cha Lincoln, na muda wote huo kila wizara ilijitunzia zake ilivyoweza.

Katikati ya pande hizo mbili ilikuwapo ofisi ya rais mwenyewe, yenye watu wachache mno ukilinganisha na vita iliyokuwa ikiendesha. Makatibu wake wakuu walikuwa John Nicolay na John Hay, vijana waliotoka naye Illinois. Barua zilimiminika kila siku: waomba kazi, akina mama wa askari, wachungaji, wabunifu wa silaha, na wenye matusi na vitisho. Mwaka 1866 Hay alimwandikia William Herndon, aliyekuwa mshirika wa Lincoln katika uwakili, kwamba rais hakusoma hata barua moja katika kila hamsini alizopelekewa. Nyingine zilitupwa. Nyingine zilijibiwa na makatibu. Nyingine, kama ile ya Annie Davis, zilipelekwa kwenye wizara iliyohusika, na tangu hapo zikawa za wizara.

Mgawanyo huo haukuwa na nia mbaya, lakini matokeo yake ni makubwa. Barua za mawaziri, magavana, majenerali na maseneta zilikuwa na nafasi nzuri ya kubaki katika makabati ya rais, kwa kuwa ndizo alizozihitaji tena. Barua ya mtu mnyonge, hata ikihifadhiwa, mara nyingi iligeuka kuwa shauri la idara fulani. Katika mafaili yaleyale ya jeshi imo barua ya Hannah Johnson wa Buffalo, mama wa askari mweusi, aliyemwandikia Lincoln tarehe 31 Julai 1863 akimtaka awalinde askari weusi wanaotekwa na Kusini wasiuzwe utumwani. Mama huyo hakujua kwamba siku moja kabla, tarehe 30 Julai, Lincoln alikuwa ametoa amri ya kulipiza kisasi kwa kila askari wa Muungano atakayeuawa kinyume cha sheria za vita au kutiwa utumwani. Anayesoma karatasi za rais peke yake ataiona amri. Atahitaji kuvuka mji aende kwenye mafaili ya jeshi ndipo asikie wale ambao maisha yao yaliitegemea.

Njia ya Robert

Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 akafariki asubuhi iliyofuata. Mwanawe mkubwa, Robert Todd Lincoln, alikuwa na umri wa miaka 21. Alimwomba David Davis, jaji wa Mahakama Kuu na rafiki wa siku nyingi wa baba yake, asimamie mirathi. Nicolay na Hay wakasaidia kufunga karatasi za rais, zikasafirishwa hadi Bloomington, Illinois, mji wa Davis. Humo zilitia vumbi kwa karibu miaka tisa.

Mwaka 1874 zilirudi Washington, mikononi mwa Nicolay, kwa kuwa yeye na Hay walikuwa wakiandika historia ya Lincoln. Kitabu chao kilitoka mwaka 1890 katika juzuu kumi. Robert aliwapa ruhusa ya kutumia karatasi ambazo hakumpa mtu mwingine, nao wakampa haki ya kupitia walichoandika kabla hakijachapishwa. Kwa miaka mingi basi, yaliyojulikana kutoka katika karatasi hizo yalikuwa yale ambayo makatibu wawili waaminifu waliyachagua na mtoto wa marehemu akayakubali. Nicolay alifariki mwaka 1901, Hay mwaka 1905, na karatasi zikarudi kwa Robert.

Mwaka 1919 Robert alizipeleka Maktaba ya Bunge, na mwaka 1923 akasaini hati ya kuzikabidhi rasmi kwa taifa. Aliweka sharti moja: zisifunguliwe mpaka itimie miaka 21 tangu afe. Sababu yake ilieleweka. Ndani yake zilikuwamo barua zilizowasema vibaya watu ambao wenyewe au watoto wao walikuwa bado hai. Lakini sharti hilo lilizaa uvumi. Nicholas Murray Butler, rais wa Chuo Kikuu cha Columbia, alisimulia kwamba alimkuta Robert akitaka kuchoma baadhi ya karatasi motoni, akamzuia. Wanahistoria wengi wameitilia shaka hadithi hiyo, na mimi naona wana haki, maana mtu aliyezihamisha karatasi kwa uangalifu kiasi kile kutoka mji hadi mji, akamaliza kwa kuzikabidhi kwa taifa, hafanani na mtu aliyetaka kuziteketeza.

Robert alifariki tarehe 26 Julai 1926. Tarehe 26 Julai 1947, mara baada ya saa sita usiku, Maktaba ya Bunge ilizifungua mbele ya wanahistoria na waandishi wa habari. Wapo waliotarajia kukuta ushahidi kwamba Edwin Stanton, waziri wa vita, alihusika na mauaji ya Lincoln. Hawakukuta. Walikuta takriban nyaraka 18,000, na sehemu kubwa zilikuwa barua zilizoandikwa kwa Lincoln, si zilizoandikwa na Lincoln.

Wengine walirudi nyumbani wamevunjika moyo, jambo ambalo linanisikitisha, kwa sababu jambo hilo ni la kawaida kabisa. Barua uliyoituma iko kwa uliyemtumia. Kinachobaki kwako ni ulichopokea, pamoja na rasimu na zile barua ulizobadili nia usizitume. Na rasimu za Lincoln ni hazina. Baada ya mapigano ya Gettysburg, tarehe 14 Julai 1863, alimwandikia Jenerali George Meade barua ya uchungu akimlaumu kwa kuliacha jeshi la Kusini la Robert E. Lee litoroke. Kisha akaiweka, na kwenye bahasha akaandika kwamba haikutumwa wala kutiwa saini. Kama karatasi hizi zingekuwa za ofisi tu, barua hiyo tusingekuwa nayo, kwa sababu kiofisi haikuwahi kuwapo. Imo pia karatasi ya tarehe 23 Agosti 1864 ambamo Lincoln aliandika kwamba anaelekea kushindwa uchaguzi, na kwamba itakuwa wajibu wake kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano kabla huyo hajaapishwa. Aliikunja, akawaomba mawaziri wake waisaini kwa nyuma bila kuisoma, nao wakasaini. Aliwaonyesha yaliyomo baada ya kushinda uchaguzi, mwezi Novemba.

Barua alizozituma zilibaki kwa walioandikiwa na kwa vizazi vyao, nyingine kwa wauza vitu vya kale, nyingine zikapotea. Ndiyo maana mkusanyiko mkubwa wa maandishi yake, uliohaririwa na Roy Basler na kutoka mwaka 1953 katika juzuu nane, ulikuwa kazi ya kubisha hodi katika maktaba na nyumba nyingi. Na ndiyo maana hata mazungumzo mafupi yamekatika vipande. Grace Bedell, msichana wa miaka 11, alimwandikia Lincoln mwezi Oktoba 1860 akimshauri afuge ndevu. Barua ya mtoto huyo iko Maktaba ya Umma ya Detroit, na jibu la Lincoln la tarehe 19 Oktoba lilikwenda njia yake nyingine.

Kuhusu miaka ya uwakili, Lincoln mwenyewe hakuwa mtu wa mafaili. Mwaka 1850 alimwomba radhi mtu aliyekuwa amemwandikia, akieleza kwamba barua aliiweka ndani ya kofia yake kuukuu, kesho yake akanunua kofia mpya, na barua ikasahaulika pamoja na ile ya zamani. Kesi zake tunazijua kwa sababu mahakama za Illinois zilitunza majalada. Watafiti waliopita mahakama hadi mahakama walikusanya kesi zaidi ya 5,000 alizohusika nazo yeye na washirika wake.

Tangazo moja, nyumba nyingi

Tangazo la kuwaachia huru watumwa ndilo linaloonyesha mambo haya wazi kuliko yote. Mtu akiuliza liko wapi, lazima aulizwe: lipi?

Rasimu ya kwanza, aliyowasomea mawaziri wake tarehe 22 Julai 1862, ilibaki katika karatasi zake binafsi na iko Maktaba ya Bunge. Tangazo la awali la tarehe 22 Septemba 1862 lina nakala rasmi yenye muhuri katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lakini rasimu aliyoiandika kwa mkono aliitoa ichangiwe fedha kwa ajili ya askari. Iliwekwa kwenye bahati nasibu huko Albany mwaka 1864, ikashindwa na Gerrit Smith, mpinga utumwa aliyekuwa amenunua tiketi nyingi sana, kisha jimbo la New York likainunua. Hadi leo iko katika maktaba ya jimbo hilo.

Tangazo la mwisho, la tarehe 1 Januari 1863, lenye saini na muhuri, lilikwenda Wizara ya Mambo ya Nje kwa kuwa huko ndiko matangazo ya rais yalikohifadhiwa, na sasa liko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ila rasimu yake ya mkono Lincoln aliipeleka kwenye maonyesho ya hisani ya Chicago mwaka 1863, ikauzwa kwa manufaa ya askari wagonjwa na majeruhi. Iliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871.

Angalia kilichotokea hapo. Maandishi yaleyale, ya kiongozi yuleyule, juu ya jambo lilelile. Iliyopewa ofisi imesalia. Iliyowekwa kabatini imesalia. Kati ya mbili zilizotolewa sadaka, moja imesalia na nyingine imeungua. Na Lincoln hakuona ubaya kuzitoa, kwa sababu machoni pa watu wa wakati wake rasimu ilikuwa yake, auze, agawe au achome.

Kinyume chake pia kilitokea: karatasi za ofisi kwenda nyumbani kwa mtu. Thomas Eckert alisimamia ofisi ya simu za maandishi ya Wizara ya Vita, mahali ambapo Lincoln alishinda saa nyingi akisubiri habari za mapigano. Madaftari ya ofisi hiyo, yenye karibu ujumbe 16,000 na ufunguo wa baadhi ya lugha za siri, Eckert alibaki nayo. Hayakuonekana kwa zaidi ya karne moja, mpaka yalipoibuka na kununuliwa mwaka 2012 na Maktaba ya Huntington huko California.

Hata pwani yetu ina mfano wake. Richard Waters wa Salem, Massachusetts, ndiye aliyekuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kufanya kazi Zanzibar, kuanzia mwaka 1837, kutokana na mkataba ambao Edmund Roberts alifunga na Sayyid Said mwaka 1833. Waters alikuwa mwakilishi wa serikali na papo hapo mfanyabiashara. Taarifa zake za kiserikali zilikwenda Washington, Wizara ya Mambo ya Nje. Shajara yake na barua za biashara zilirudi Salem, zikaishia kwenye makumbusho ya mji huo. Anayetafiti historia ya merikani, kile kitambaa kilichovaliwa mpaka bara ya mbali na ambacho kiliadimika vita vya Lincoln vilipokatiza pamba ya Marekani, hana budi kusoma pande zote mbili.

Karatasi isiyo na njia

Ukijua njia ya karatasi unajua pia pa kutia shaka. Kuanzia Desemba 1928 jarida la Atlantic Monthly lilichapisha mfululizo wa barua za mapenzi kati ya Lincoln na Ann Rutledge, msichana aliyefariki mwaka 1835. Hazikuwa zimepita kwa Robert, wala kwa Herndon, wala katika mahakama au wizara yoyote. Wajuzi walizikagua wakazikuta zinataja Kansas katika miaka ambayo hapakuwa na eneo lenye jina hilo, na zinataja kitabu cha kujifunzia mwandiko kilichokuwa bado hakijachapishwa. Zilikuwa za kughushi.

Hata karatasi halali huharibiwa. Mwaka 2011 Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ilitangaza kwamba tarehe kwenye msamaha aliopewa askari Patrick Murphy ilikuwa imechezewa. Lincoln aliandika 14 Aprili 1864. Mtu alibadili 4 ya mwisho ikawa 5, na karatasi ya kawaida ikageuka kuwa mojawapo ya kazi za mwisho za rais kabla ya kuuawa. Hifadhi ilisema mtafiti aliyeipatia umaarufu miaka ya 1990 alikiri kosa. Yeye baadaye alikana. Kilichosaidia kuthibitisha tarehe ya kweli ni kitabu kilichochapishwa miaka ya 1950, ambacho kilikuwa kimenukuu msamaha huo ukiwa na mwaka 1864. Tangu habari hiyo nimekuwa mkali zaidi kuhusu nakala za zamani na orodha za zamani. Zinachosha kusoma, lakini ndizo shahidi wa hali ya karatasi kabla haijaguswa.

Sehemu kubwa ya karatasi za Robert sasa inasomeka bure kwenye intaneti, na mwaka 2018 Maktaba ya Bunge ilianza kuwaalika watu wa kawaida wanakili barua alizoandikiwa Lincoln, herufi kwa herufi, ili ziweze kutafutika. Kuhusu zile zilizobaki kwenye wizara, kazi ni ya polepole zaidi. Mradi wenye makao yake Springfield, Illinois, ulituma watafiti Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kupitia faili baada ya faili. Mwaka 2012 mmoja wao, akiwa katika barua zilizopokelewa na mganga mkuu wa jeshi, alikutana na taarifa ya Charles Leale, daktari wa miaka 23 aliyekuwa wa kwanza kumfikia Lincoln baada ya kupigwa risasi. Ina kurasa zaidi ya 20, na inaeleza hali aliyomkuta nayo na alivyoondoa damu iliyoganda kwenye jeraha. Wataalamu walikuwa wakitumia masimulizi aliyoyatoa Leale akiwa mzee. Hii ilikuwa ya wakati wa tukio lenyewe, na haikuwa imefichwa na mtu. Karani aliipokea kutoka kwa daktari aitwaye Leale, akaiweka chini ya herufi L pamoja na barua za madaktari wengine wa jeshi.